Nani atamshika mkono wakili wa kwanza katika ukoo wake?

Historia ya India chini ya Waingereza imejaa mawakili, na mara nyingi utawakuta wawili watatu wa nyumba moja. Nyumba inayotajwa zaidi ni ya akina Nehru wa Allahabad. Motilal Nehru alikuwa miongoni mwa mawakili wenye jina kubwa kabisa katika Mahakama Kuu ya mji huo. Mwanawe Jawaharlal alisomea sheria London, akakubaliwa uwakili mwaka 1912, kisha akarudi kuanza kazi chini ya jicho la baba yake. Mkwe wao, Ranjit Pandit, naye alikuwa mwanasheria. Sisi tunawafahamu zaidi kwa siasa, kwa kuwa Jawaharlal ndiye Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru tangu mwaka 1947, lakini mwanzo wa nyumba hiyo una la kutufunza zaidi sisi wa Mwanza. Motilal alizaliwa Mei 1861, baba yake akiwa amefariki miezi mitatu kabla. Aliyemlea ni kaka yake Nandlal, wakili aliyefanya kazi Agra na baadaye Allahabad, Mahakama Kuu ilipohamishiwa huko. Motilal alifaulu mtihani wa uwakili mwaka 1883, akaanzia kazi Kanpur, halafu akamfuata kaka yake Allahabad. Nandlal alipofariki mwaka 1887, mdogo mtu hakuwa amefikisha hata miaka 30, lakini alikuwa ameshajua njia. Akabeba familia nzima na akaendelea kupanda.

Mtu atasema damu ya akina Nehru ilikuwa na akili ya sheria. Sikubali. Yatima yule alipata vitu vitatu ambavyo akili peke yake haimpi mtu: vitabu vya kusoma, mkubwa wa kazi wa kumwonyesha mambo yasiyoandikwa vitabuni, na chakula mezani katika miaka ile ambayo wakili mpya hana mteja. Mtazame Mohandas Gandhi, aliyerudi kutoka London mwaka 1891 akiwa na sifa ileile ambayo Jawaharlal angeipata miaka 20 na zaidi baadaye. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay, shauri dogo tu la madai, alisimama kumhoji shahidi wa upande wa pili na maneno yakamkauka. Akaketi, akamwambia aliyemleta atafute wakili mwingine na ada irudishwe. Aliyemwokoa ni kaka yake, Laxmidas, aliyekuwa katika kazi hiyohiyo huko Rajkot. Kupitia kwake Gandhi alipata maombi ya kuwaandikia watu, na kupitia kwake pia ikaja kazi ya Afrika Kusini mwaka 1893. Fikiria kijana huyo angekuwa hana kaka. Cheti cha London kingebaki ukutani, na dunia isingemsikia kamwe. Hoja yangu inasimama hapo: kilichozijenga nyumba za mawakili ni kushikwa mkono, na jamii inayotaka mawakili wa kuwatetea watu wake haina budi kuweka utaratibu wa wazi wa kuwashika mkono wale ambao katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvaa joho.

Sisi wa upande huu wa ziwa hatukunyimwa sheria ya India. Tuliletewa yenyewe, tukanyimwa watu wake. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliagiza sheria zilizokuwa zikitumika India zitumike hapa: ya mikataba ya mwaka 1872, ya ushahidi ya mwaka huohuo, na ile ya makosa ya jinai ya mwaka 1860, ambayo ilikaa mpaka mwaka 1930. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 bado ina sura ya ile ya India, na mwanasheria yeyote wa hapa akifungua kitabu cha ushahidi cha Delhi hatapotea njia. Kwa hiyo mawakili wenye asili ya India waliokuja Afrika Mashariki walikuta vitabu walivyovizoea. Mwafrika hakuwa na pa kuvisomea. Tanganyika haikuwa na chuo cha sheria hata kimoja mpaka Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilipofunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na Makerere katika miaka hiyo haikuwa ikifundisha sheria. Serikali ya kikoloni ilimhitaji karani, mwalimu na mganga msaidizi. Mwafrika ambaye angeweza kusimama mbele ya hakimu na kuihoji ilimwona wa hatari. Nchi ikapata uhuru mawakili wake Waafrika wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Madhara yake yalionekana wazi mwaka 1958, na yalionekana katika habari zilizotugusa sisi wa Kanda ya Ziwa. TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954. Serikali ikataka Geita iwe na baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi tofauti, wakati Wazungu na Waasia waliokuwa wakiishi huko walikuwa wachache mno. Wananchi walikataa, wakaandamana mpaka Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, na wakaishia kupigwa mabomu ya machozi. Mwaka huohuo Nyerere alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa kuwakashifu mabwana shauri katika gazeti la Sauti ya TANU. Alihukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Tunapoisimulia kesi hiyo huwa tunamtazama mshtakiwa. Tuitazame pia meza ya utetezi. Aliyeongoza ni D. N. Pritt, Mwingereza. Pamoja naye walikaa Rattansey na K. L. Jhaveri, mawakili wa Tanganyika wenye asili ya India. Hapakuwa na wakili Mwafrika. Kwenye kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, mwaka 1952 na 1953, Pritt huyohuyo alisaidiwa na akina Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh wa Kenya, na Chaman Lall, aliyetumwa kutoka India na serikali ya Nehru. Ujuzi uliokuzwa katika ofisi za mawakili wa India ulikuja kutetea viongozi wetu, na nadhani vitabu vya historia vya shule zetu vimewataja watu hawa kwa uchache usiowastahili. Jhaveri alibaki hapa, akawa mbunge, na mwaka 1999 alitoa kitabu kuhusu safari yake pamoja na Nyerere.

Yupo atakayepinga kwamba mawakili Waasia wa zama hizo walikuwa wa wenye mali. Hapa Mwanza pingamizi hilo lina uzito. Pamba ya Wasukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kiasia na kuchambuliwa katika vinu vyao, na wakulima walilia miaka na miaka kwamba mizani inawaibia. Mgogoro ukitokea, mwenye kinu alikuwa na wakili na mkulima alikuwa na mdomo wake. Ni kweli tupu. Lakini kweli hiyo haiwashushi Jhaveri na Rattansey, ambao wangeweza kubaki na wateja wao wenye fedha badala ya kujitia katika kesi iliyowaudhi wakubwa. Inachoonyesha ni kwamba wakili hufuata njia aliyofunguliwa, na njia ya wakati huo ilianzia dukani na kinuni. Mkulima wa Kwimba hakuwa na mtoto, mpwa wala jirani katika kazi hiyo ambaye angemwendea jioni na karatasi aliyoandikiwa kwa Kiingereza amuulize imesema nini. Upungufu huo wa ujirani ndio ulioumiza kuliko ukosefu wa fedha za ada, kwa sababu mtu asiyejua kwamba ana haki hawezi hata kufikiria kumlipa wa kuidai.

Wakulima walijibu kwa njia waliyokuwa nayo. Walijenga ushirika, na jina linalokuja kwanza ni Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, aliyeuongoza ushirika wa wakulima wa pamba mpaka ukawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika kwa wakati wake. Ni kwa nyumba hii ya Bomani, mtoto wa mwalimu wa dini wa Kisabato, kwamba Kanda ya Ziwa inaweza kusema iliwahi kupata kitu kinachofanana na akina Nehru. Mdogo wake Paul, Mark, aliyezaliwa mwaka 1932, alikwenda Uingereza kusomea sheria, na kuanzia mwaka 1965 mpaka 1976 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Baadaye alifanya kazi Lusaka katika taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyowaandaa Wanamibia kwa uhuru wao, kisha akamsaidia Nyerere katika mazungumzo ya amani ya Burundi. Mwaka 2007 Rais Kikwete alimkabidhi kamati ya kupitia mikataba na sheria za madini. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilifuatiwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuutoza kwenye thamani ghafi ya madini. Kwa mtu wa Geita, wa Kahama au wa Tarime, hayo si mambo ya makaratasi ya Dar es Salaam. Yanahusu kinachobaki nyuma lori la mwamba linapoondoka. Mwana mmoja wa kanda hii, aliyepewa nafasi ya kujifunza, alirudisha faida hiyo. Nchi haiwezi kukaa ikingoja nyumba nyingine ya Bomani itokee kwa bahati.

Hebu tuje leo. Madarasa tunayo. Chuo kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14 kimezaa vyuo vingi, na hapa Mwanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kinatoa shahada ya sheria pale Malimbe. Lakini shahada haitoshi kumfanya mtu wakili. Mhitimu anatakiwa kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, yenye makao yake Dar es Salaam. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala wa mitaani ukawa wa kutupiana lawama: wanafunzi wavivu, vyuo vinatoa alama za bure, taasisi inakomoa. Huenda kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Mimi naona swali lililosahauliwa: hawa 633, wangapi waliwahi kukaa ofisini kwa wakili mwaka mzima, wakamwona akipokea mteja, akikataa kesi ya uongo, akiandika hati ya madai mara ya tatu kwa sababu ya kwanza na ya pili zilikuwa na dosari? Sidai kwamba takwimu hizo zinathibitisha hoja yangu zenyewe. Nasema zinaendana na kile tulichokiona kwa Gandhi katika mahakama ya Bombay. Mtu anaweza kuijua sheria na asiweze kuifanyia kazi, na kijana mwenye mzazi au mjomba wakili anajifunza hilo akingali mezani kwao, wakati mwenzake analikuta mara ya kwanza kwenye chumba cha mtihani.

Pingamizi jingine linasikika sana: wanasheria wamejaa, wengine wanaendesha bodaboda, tunataka wa nini zaidi? Anayesema hivyo aje Buswelu. Hapa ndipo yalipo makao ya Manispaa ya Ilemela, na mashamba ya mihogo ya jana ni viwanja vya leo. Kiwanja kinauzwa kwa karatasi moja iliyochapwa stationery, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikagongwa muhuri, mashahidi wawili wakasaini. Mara nyingi mke wa muuzaji hayupo, na ndugu aliyeko machimboni hajaulizwa. Miaka michache baadaye kuna nyumba juu ya kiwanja, na wenye madai ni watatu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko anayekuja na wakili anapomkuta asiye naye. Marekebisho hayohayo ya mwaka 2021 yamewaruhusu mawakili kuingia mahakama za mwanzo zinazoendeshwa na hakimu mkazi, mahali walipokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi. Hitaji lipo na linakua. Tunachokosa ni kijana aliyepikwa vizuri, anayeweza kufungua ofisi Buswelu, Kisesa au Sengerema bila kufa njaa mwaka wa kwanza. Mawakili hawajajaa huku. Wamejaa karibu na Mahakama Kuu na katikati ya jiji, kwa sababu huko ndiko kwenye wakubwa wa kazi na ndiko kwenye wateja wanaolipa.

Thamani ya wakili kwa mtu wa kawaida haipimwi kwa mikataba mikubwa peke yake. Mahakama Kuu hapa Mwanza, Februari 1990, ilitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi wanaisoma: shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama Holaria alirithi shamba la baba yake huko Muleba, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mwana wa ndugu yake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba, kwa mila ya Kihaya, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilimpa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikampa mama, na rufaa ikafika Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya. Jaji alisema mila hiyo inakinzana na haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akamthibitishia mama haki yake. Linganisha na yaliyompata Vijaya Lakshmi Pandit, binti wa Motilal, dada wa Jawaharlal. Mumewe, yule Ranjit, alipofariki mwaka 1944 bila wosia na bila mtoto wa kiume, sheria ya mirathi ya Kihindu ya wakati huo ilimwacha mjane na mabinti zake karibu mikono mitupu. Baba, kaka na mume walikuwa wanasheria, na haikumsaidia. Ni mwaka 1956 ndipo bunge la India, kaka yake akiwa Waziri Mkuu, lilipopitisha sheria iliyowapa wajane na mabinti haki ya kurithi. Familia ya mawakili inaweza kumlinda mtu wake na sheria iliyopo, ila sheria mbaya haiondoki mpaka wasiokuwa na jina nao wapate wa kuipeleka mbele ya jaji.

Kwa kusema hivi siwalaumu mawakili wenye watoto mawakili. Mtoto akifuata kazi ya mzazi wake, mahakama inapata mtu aliyekua akijua uzito wa kiapo, na Mwanza inawahitaji watu hao. Mtu pia anaweza kusema kwamba tayari tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, na kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, jambo ambalo Jaji Galeba alilitangulia akiwa Musoma mwaka 2020 alipoandika hukumu yake kwa Kiswahili. Yote ni mema, na msaidizi wa kisheria anayejua kazi yake kata nzima inamshukuru. Lakini msaidizi anashauri tu. Mahakamani anasimama wakili, na wakili huyo lazima atoke mahali fulani.

Ninachopendekeza kinaanzia hapahapa. Chama cha Mawakili Tanganyika, kupitia wanachama wake wa Mwanza, kiorodheshe ofisi za uwakili zilizo tayari kumpokea kijana mmoja kila moja kwa mwaka mzima, kwa posho ya kumwezesha kula na kupanda daladala, nafasi ya kwanza ikienda kwa asiye na mwanasheria katika familia yake. Ofisi inayopokea kijana ipunguziwe ada ya mwaka ya chama, ili mzigo usiwe wa wema peke yake. Kitengo cha sheria cha Manispaa ya Ilemela, kinachoshinda na migogoro ya viwanja siku zote, nacho kipokee wawili. Chuo cha Malimbe kifungue maktaba yake kwa vijana hao hata baada ya kuhitimu, maana vitabu vya sheria ni ghali na mtandao wa simu hauwatoshi. Watakaohofia kwamba mawakili wakongwe watawageuza vijana kuwa wabeba mafaili wana sababu ya kuhofu, kwa hiyo kuwe na daftari la kazi alizofanya kijana, likaguliwe na chama kila baada ya miezi mitatu, na ofisi inayomtuma chai tu iondolewe kwenye orodha. Kila mwaka, kabla ya Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, mahakama hutenga wiki ya kutoa elimu kwa umma. Orodha ya kwanza ya ofisi hizo inaweza kutangazwa katika wiki hiyo, Mwanza, ikiwa na majina ya mawakili waliokubali na mahali kijana wa Buswelu anapotakiwa kupeleka barua yake ya maombi.